Aliyeshindwa vita ni Japani, sasa mbona iliyokatwa ni Korea?

Marahaba mdogo wangu. Wengine wanaosoma hapa wajue kwanza nimeulizwa nini. Huyu dada ana binti yuko darasa la sita, mpenzi mkubwa wa tamthilia za Kikorea zile zilizotiwa sauti za Kiswahili, siku moja kamuuliza mama yake mbona Korea ziko mbili, mama akajibu waligombana, mtoto akarudi tena, "waligombania nini?" Hapo mama akakwama. Ndo ananiuliza mambo matatu: vita kuu ya pili kashindwa Mjapani, kwanini ikakatwa Korea? Kosa ni la Wamarekani na Warusi au la Wakorea wenyewe? Na je, mpaka leo wanaongea lugha moja?

Nafundisha historia ya karne ya 20 miaka mingi sasa, na hii mada kila nikiifikia darasani naona moyo unakuwa mzito, kwahiyo nivumilie nikirefusha.

Kwanza mwambie binti kwamba kabla ya 1945 hakukuwa na kitu kinaitwa Korea Kaskazini wala Korea Kusini, hata wazo lenyewe halikuwepo. Wale ni watu waliokaa chini ya ufalme mmoja tangu 936, lugha moja, mila moja, chakula kilekile, yani ukihesabu ni zaidi ya miaka elfu moja. Hawakuwa makabila mawili yaliyolazimishwa kuishi pamoja. Afu akaja Mjapani, 1905 akaifanya nchi ya kulindwa, 1910 akaimeza kabisa. Miaka 35 ya ukoloni, na ukoloni wenyewe ulikuwa wa kuwafuta watu, mwishoni mwa miaka ya 1930 Kikorea kikaondolewa mashuleni, 1940 watu wakaanza kulazimishwa kuchukua majina ya Kijapani. Vijana wakapelekwa migodini na viwandani Japani, wasichana wengi wakapelekwa kutumikishwa kingono na jeshi la Kijapani.

Sasa kuna kitu hapo watu wanakiruka na mimi nakiona ndo mzizi. Ule ukoloni uliwatawanya viongozi. Waliotaka kupigania uhuru hawakuweza kukaa nyumbani, wengine wakaenda Shanghai wakaunda serikali ya uhamishoni tangu 1919, wengine porini Manchuria, kaskazini mashariki ya China, kupigana na Mjapani bega kwa bega na wakomunisti wa China, Syngman Rhee, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa kusini, yeye akaenda Marekani akasoma mpaka udaktari pale Princeton, Kim Il-sung, aliyekuja kuwa mtawala wa kaskazini, akaishia kambi ya jeshi la Kisovieti, yani Warusi wa wakati ule, karibu na Khabarovsk akiwa na cheo cha kapteni. Kila mmoja alikuwa na mwenyeji wake. Siku Mjapani anaanguka, kila mwenyeji akarudi na mgeni wake.

Tuje kwenye kukatwa kwenyewe. 1943 pale Cairo, Roosevelt wa Marekani, Churchill wa Uingereza na Chiang Kai-shek wa China walitoa tamko kwamba Korea itakuwa huru "kwa wakati utakaofaa". Hayo maneno matatu yana mambo mengi ndani yake. Wakubwa walikuwa hawaamini kwamba Wakorea wanaweza kujitawala mara moja, Roosevelt alipokutana na Stalin, mtawala wa Usovieti, pale Yalta Februari 1945 alimwambia labda wasimamiwe miaka 20 mpaka 30, Stalin akasema muda ukiwa mfupi ndo bora. Na hapo mezani hapakuwa na Mkorea hata mmoja, hakuna aliyewauliza, watu wenye ufalme wa miaka elfu wanapangiwa kulelewa kama watoto.

Halafu ikaja ile wiki ya Agosti 1945. Tarehe 6 bomu la Hiroshima, tarehe 8 Stalin anatangaza vita dhidi ya Japani, tarehe 9 bomu la Nagasaki na majeshi ya Kisovieti yanamiminika Manchuria na kuanza kuingia Korea kwa juu. Wamarekani walio karibu zaidi wako Okinawa, bahari katikati, hawawezi kufika kwa wiki kadhaa. Washington wakashtuka, wakaona Mrusi akiendelea hivyo atafika mpaka Busan kule chini kabisa na hamna wa kumzuia.

Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11, maofisa wawili, Dean Rusk na Charles Bonesteel, wakaambiwa ingieni chumba cha pili mtafute mahali pa kugawa, Mrusi apokee silaha za Wajapani juu na sisi tupokee chini. Walipewa kama nusu saa. Walichokuwa nacho ni ramani ya National Geographic, ramani ya kawaida tu, na hakuna kati yao aliyekuwa mtaalamu wa Korea. Wakatafuta mto au mpaka wa mikoa unaofaa, hawakuuona kwenye ile ramani, wakaona latitudo ya 38 imepita juu kidogo ya Seoul, mji mkuu unabaki upande wao, wakapendekeza hapohapo. Rusk huyu baadae alikuja kuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani na alisimulia mwenyewe jinsi ilivyokuwa. Stalin akakubali bila ubishi wowote mpaka wenyewe wakashangaa.

Kwanini alikubali? Hapa ndo jibu la swali lako la kwanza lilipo. Stalin alikuwa anaiangalia Japani yenyewe. Siku chache baadae akamwandikia Truman, rais wa Marekani aliyemrithi Roosevelt, akiomba apewe nusu ya kaskazini ya kisiwa cha Hokkaido, Truman akakataa. Japani haikukatwa kwa sababu Mmarekani aliishika peke yake na hakutaka mshirika. Ujerumani ilikatwa, sawa, yule ndo aliyeanzisha vita Ulaya, unaweza kusema kavuna alichopanda. Kwa Asia aliyepaswa kukatwa kwa hesabu hiyohiyo ni Japani, lakini Japani ikabaki nzima na aliyekatwa akawa yule aliyeonewa na Japani miaka 35. Kwa macho ya wakubwa Korea haikuwa nchi bado, ilikuwa mali ya Mjapani inayogawanywa baada ya mwenyewe kufilisika. Mimi hili sijawahi kulizoea, kila mwaka nikiandika ubaoni 1945 nalisikia upya.

Na ule mstari ulikata nini? Chora mstari kwa rula juu ya wilaya unayoijua wewe uone. Ulikata mito 12, reli 6 zinazotoka kaskazini kwenda kusini, barabara na njia za mikokoteni zaidi ya mia, kuna vijiji ambavyo nyumba ziko huku mashamba kule. Kusini kulibaki na kama theluthi mbili ya watu na mpunga mwingi, kaskazini kulikuwa na migodi, mabwawa ya umeme na kile kiwanda kikubwa cha mbolea cha Hungnam. Yani mwenye mpunga hana mbolea na mwenye mbolea hana mpunga wa kutosha. Mei 1948 kaskazini walipokata umeme, kusini viwanda vikasimama na Seoul ikaingia gizani.

Lakini sikiliza, mstari wenyewe ulikuwa wa muda. Huu ndo moyo wa jibu langu na ningependa mtu akiondoka hapa aondoke nalo: ule usiku wa nusu saa ulikuwa wa kizembe ila haukuwa umeamua nchi mbili, kilichozaa nchi mbili ni miaka mitatu iliyofuata, 1945 mpaka 1948, pale kila mkubwa alipokuwa anaangalia nani kati ya Wakorea anamfaa yeye, na wale waliokuwa katikati wakamalizwa mmoja baada ya mwingine.

Mjapani alipotangaza kushindwa tarehe 15 Agosti, Wakorea hawakukaa kusubiri. Alikuwepo mzee anaitwa Lyuh Woon-hyung, mzalendo wa mrengo wa kushoto, yani wa siasa za kijamaa, ila sio wa kufuata Moscow, alikusanya watu wa kila msimamo wakaanza kuunda kamati za wananchi nchi nzima, kaskazini na kusini, kulinda usalama, kugawa chakula, kutoa wafungwa wa kisiasa. Tarehe 6 Septemba wakatangaza jamhuri. Siku mbili baadae Wamarekani wakashuka Incheon chini ya Jenerali John Hodge, mtu wa vita, alipewa Korea kwa sababu kikosi chake ndo kilikuwa karibu. Akakataa kuitambua ile jamhuri. Mbaya zaidi, mwanzoni akataka gavana wa Kijapani na maofisa wake waendelee na kazi kwa muda, watu wakawaka, ikabidi awaondoe, lakini polisi wa Kikorea waliokuwa wanawatumikia Wajapani, walewale waliokuwa wanatesa watu, akawabakiza. Fikiria umefungwa na kupigwa na askari fulani kwa kudai uhuru, uhuru unakuja, na askari ni yuleyule na rungu ni lilelile.

Kaskazini sio kwamba mambo yalikuwa mazuri. Wanajeshi wa Kisovieti wiki za mwanzo waliiba, walibaka, mitambo ya viwandani ikafunguliwa ikapakiwa kwenda kwao. Ila kisiasa walikuwa wajanja kuliko Wamarekani, zile kamati za wananchi hawakuzivunja, waliziacha zifanye kazi wakazijaza watu wao taratibu. Mtu aliyeheshimika kuliko wote Pyongyang alikuwa Cho Man-sik, Mkristo, mpole, mzalendo. Manake Pyongyang wakati ule ilikuwa na makanisa mengi mpaka wamisionari wakaiita Yerusalemu ya Mashariki, leo ukimwambia mtu hilo haamini. Warusi walijaribu kufanya kazi na Cho, na tarehe 14 Oktoba 1945 walipomleta Kim Il-sung mbele ya umati, watu walishangaa, walikuwa wamesikia habari za mpiganaji mkongwe wa Manchuria, anapanda jukwaani kijana wa miaka 33.

Ikaja Desemba 1945, mkutano wa Moscow. Mawaziri wa Marekani, Uingereza na Usovieti wakakubaliana Korea iwe na serikali ya muda na iwekwe chini ya udhamini wa mataifa manne, China akiwa wa nne, kwa muda usiozidi miaka mitano. Udhamini sisi Watanzania tunaujua, Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini ya Umoja wa Mataifa kuanzia 1946 mpaka tunapata uhuru 1961 na msimamizi wetu alikuwa Mwingereza, kwahiyo unaweza kupima mwenyewe lilivyoingia hilo neno masikioni mwa mtu aliyetoka kutawaliwa miezi minne iliyopita. Nchi ililipuka. Gazeti moja la Seoul likaandika kinyume kabisa cha ukweli, kwamba anayetaka udhamini ni Mrusi na Mmarekani anataka uhuru wa haraka, wakati wazo la udhamini lilikuwa la Roosevelt. Wakomunisti nao mwanzoni walipinga kama watu wote, afu siku chache baadae likaja agizo wakageuka wakaunga mkono, na hapo walipoteza imani ya watu wengi sana kusini. Cho Man-sik akagoma kuunga mkono, Januari 1946 Warusi wakamfungia kwenye hoteli Pyongyang na hakutoka tena kwenye siasa, hakurudi kwa watu wake mpaka alipokufa.

Kuanzia hapo kila upande ukaanza kujenga nyumba yake. Kaskazini Machi 1946 wakanyang'anya makabaila ardhi na kuwagawia wakulima bure, kazi yote ndani ya kama mwezi mmoja. Wakulima walifurahi na walikuwa na haki ya kufurahi, wengi walikuwa wanalima kwa kukodi na kutoa nusu ya mavuno. Lakini waliopokonywa, pamoja na Wakristo wengi na waliokuwa na kazi kwa Mjapani, wakavuka mstari kwenda kusini na hasira zao zote. Huko wakawa ndo watu wakali kuliko wote dhidi ya mtu yeyote anayenukia ukomunisti. Na wa kushoto wa kusini wakisakwa na polisi wakavuka kwenda juu. Yani ule mstari ukawa kama chekecheo, unachuja watu, kila upande unabaki na waliokubaliana na unawatupa wasiokubaliana, na hao waliotupwa wanakuwa silaha ya jirani.

Kulikuwa na tume ya pamoja ya Wamarekani na Wasovieti ya kuunda ile serikali ya muda, ilikaa 1946 ikakaa tena 1947, ikafa. Ukisoma mabishano yao utaona ni kitu kimoja tu: tuongee na vyama gani? Mrusi akasema anayepinga udhamini asishirikishwe, ukifanya hivyo wanabaki wa kushoto peke yao. Mmarekani akasema kila mtu ana uhuru wa maoni, ukifanya hivyo kusini wanashinda wa kulia. Kila mmoja alikuja na kanuni nzuri ya kusikiliza na kila kanuni ilikuwa imeshachagua mshindi.

Mwisho wa 1947 Mmarekani kachoka, anataka kuondoka bila kuonekana kashindwa, akalipeleka suala Umoja wa Mataifa ambako wakati ule alikuwa na kura nyingi. Ikaamuliwa uchaguzi usimamiwe na tume, Usovieti ikakataa tume kuingia kaskazini, basi wakaamua wapige kura kusini tu. Hapo kuna mzee mwingine lazima nimtaje, Kim Ku, aliyekuwa rais wa ile serikali ya uhamishoni, na huyu alikuwa wa kulia kabisa, mpinga ukomunisti maisha yake yote. Aliona wazi uchaguzi wa upande mmoja ndo kuikata nchi. Aprili 1948, akiwa na zaidi ya miaka 70, watu wamezunguka nyumba yake wanamzuia, alitoka akavuka mstari wa 38 akaenda Pyongyang kuongea na wenzake. Haikusaidia, kule mambo yalishapangwa. Lakini alienda.

Mei 10 kusini wakapiga kura, Agosti 15 1948 Rhee akatangaza Jamhuri ya Korea, Septemba 9 Kim Il-sung akatangaza ya kwake, kila mmoja katiba yake inadai nchi nzima. Kisiwani Jeju watu waliokataa uchaguzi huo waliinuka Aprili 3, wakazimwa na serikali ya kusini kwa miaka kadhaa, tume ya serikali yenyewe baadae ilikadiria waliokufa ni 25,000 mpaka 30,000, kwenye kisiwa, wengi wanavijiji. Lyuh Woon-hyung alishapigwa risasi Seoul Julai 1947. Kim Ku akapigwa risasi nyumbani kwake Juni 1949. Hesabu sasa: Lyuh, Kim Ku, Cho Man-sik, wote watatu ambao wangeweza kukaa meza moja, hamna aliyebaki.

Sasa swali lako la pili, kosa la nani. Wakorea wana methali, nyangumi wakipigana uduvi ndo anavunjika mgongo, sawasawa na sisi na tembo na nyasi. Wanaitumia sana kuhusu hili na ina ukweli, ila mimi naona ni nusu ya ukweli, na wanahistoria wa Korea wenyewe wanalisema hilo. Ugomvi wa ndani ulikuwepo na ulikuwa wa kweli, ardhi iwe ya nani, waliomtumikia Mjapani wafanywe nini. Na hawa wawili waliopandishwa vitini hawakuwa vibaraka wa kukaa kimya. Kim Il-sung ndo alimsumbua Stalin mara nyingi ampe ruhusa ya kuvamia kusini, 1949 Stalin akakataa, mwanzo wa 1950 akakubali, kwa sababu China imeshachukuliwa na Mao na wakomunisti wake, Stalin mwenyewe keshapata bomu la atomiki, na majeshi ya Marekani yameshaondoka Korea, na bado akamwambia Kim kapate kwanza baraka za Mao. Rhee naye alikuwa anatangaza hadharani kwamba ataenda kaskazini kwa nguvu, mpaka Wamarekani wakamnyima vifaru makusudi wakiogopa atawaingiza vitani.

Ila tazama, hata hapo ufunguo uko mikononi mwa nani? Mmoja anaomba ruhusa Moscow, mwingine ananyimwa vifaru na Washington. Kila nchi iliyotoka ukoloni ilikuwa na ugomvi wa ardhi na wa wasaliti, sisi wenyewe Afrika tumeuona. Ugomvi huo ungeweza kumwaga damu hata pale Korea, sitaki kudanganya kwamba wangekaa kwa amani tu. Lakini ungekuwa ugomvi wa nyumba moja, una mwisho. Wakubwa waliuwekea ukuta katikati, kila upande wakaweka mtu, bunduki na pesa, wakaufanya ugomvi wa dunia. Kwahiyo mimi ukinilazimisha kupima, mzigo mkubwa nauweka kwa wakubwa wote wawili, na nauweka kwenye ile miaka mitatu.

Vita yenyewe ntaipita haraka. Juni 25 1950 kaskazini wakavuka, siku tatu Seoul imeanguka, Baraza la Usalama likapitisha kupeleka msaada kwa sababu mjumbe wa Usovieti alikuwa amesusia vikao, nchi 16 zikatuma wapiganaji. Ethiopia ilikuwepo, Haile Selassie alipeleka vikosi vya Kagnew, zaidi ya vijana 3,000 kwa zamu na zaidi ya 100 hawakurudi hai, yeye alikuwa na kumbukumbu ya 1935 alipovamiwa na Mwitalia dunia ikamtazama. Septemba Jenerali MacArthur wa Marekani akashuka Incheon, Oktoba wakafika Pyongyang wakaendelea kupanda mpaka karibu na mpaka wa China, Mao akaingiza majeshi yake, wakarudishwa chini tena. Ndege za Marekani zilidondosha tani 635,000 za mabomu, zaidi ya zilizodondoshwa Pasifiki nzima kwenye vita kuu ya pili, miji ya kaskazini ikawa kifusi. Wakorea zaidi ya milioni 2 walikufa, wengi raia. Julai 27 1953 wakasaini kusitisha mapigano pale Panmunjom, Rhee akakataa kusaini, mkataba wa amani haupo mpaka leo.

Na walipata nini? Walirudi palepale. Mstari wa sasa sio latitudo 38 tena, ni pale majeshi yaliposimama, ukanda wa kama kilomita 4 upana na 250 urefu. Kaesong ilikuwa kusini kabla ya vita, leo ni kaskazini. Cheorwon ilikuwa kaskazini, leo sehemu yake ni kusini, na kuna gofu la jengo la chama cha wafanyakazi, chama cha kikomunisti cha kaskazini, bado limesimama pale, kuta za zege na matundu ya risasi. Mtu wa Cheorwon bila kuhama nyumba alizaliwa chini ya Mjapani, akawa raia wa kaskazini, akawa raia wa kusini.

Kitu binti yako atakielewa kuliko vyote ni familia. Desemba 1950 Wachina wanashuka, watu wakakimbilia bandari ya Hungnam kwenye baridi kali, meli zilichukua raia kama 100,000. Meli moja ya mizigo, Meredith Victory, yenye nafasi ya abiria 12, ilibeba watu 14,000 wamesimama wamebanana, njiani wakazaliwa watoto watano. Wazazi wa Moon Jae-in, aliyekuja kuwa rais wa kusini, walikuwa humo. Wengi waliwaambia waliobaki tutarudi baada ya wiki mbili tatu. Baba kaenda na mtoto mkubwa, mama kabaki na mdogo anayenyonya, hivyo tu, hamna aliyejua.

Juni 30 1983 televisheni ya KBS ya kusini ikafanya kipindi cha kutafutana, kilipangiwa dakika 95. Simu hazikukoma. Wakaendelea usiku, kesho, keshokutwa, mpaka Novemba, jumla masaa 453. Watu wakaja na makaratasi, jina langu fulani, baba alikuwa fundi, tulipotezana kituo cha treni, nina kovu mguuni, wakayabandika ukuta mzima wa jengo mpaka chini barabarani. Familia zaidi ya 10,000 zilikutana. Na hapo ujue, hawa ni waliokuwa upande mmoja wa kusini, waliishi nchi moja miaka 30 bila kujuana, mwingine mji wa jirani tu. Walioko ng'ambo ya mstari hawakuhusika kabisa. Hao walianza kukutanishwa kidogo 1985, afu kuanzia 2000 mara 21, ya mwisho Agosti 2018 kwenye mlima Kumgang, siku tatu, masaa machache kwa siku, na siku ya kuondoka wazee wako ndani ya basi na ndugu zao wako nje wanapapasa kioo. Walioandikisha majina kusini kutafuta ndugu wamezidi 130,000 na wengi wao wameshafariki wakisubiri.

Mgawanyo ulifika mpaka kwa wasiokanyaga Korea. Wakorea waliobaki Japani baada ya vita walikuwa kama 600,000, wengi asili yao kusini, nao wakagawanyika vyama viwili, kimoja cha Seoul kimoja cha Pyongyang, shule zao tofauti, mtaa mmoja hawasalimiani. Kuanzia 1959 watu kama 93,000 wakapanda meli kwenda kaskazini ambako wengi hawakuwahi kuwa na hata shangazi, na wachache sana walipata njia ya kurudi.

La mwisho, lugha. Ndiyo, ni moja, mtu wa Pyongyang na wa Seoul wakikaa wanaelewana, lafudhi tu na misamiati imeachana, kusini wamechukua maneno mengi ya Kiingereza na kaskazini wanatunga ya kwao. Wasomi wa pande zote mbili walianza 2005 kutunga kamusi ya pamoja, mikutano ikasimama siasa zilipoharibika. Ila nikuachie neno moja umfundishe binti. Zamani Mkorea yeyote, mtoto hasa, rafiki yake wa kucheza nae alimwita dongmu. Lilikuwa neno la kitoto kabisa, la uwanjani. Kaskazini wakalichukua wakalifanya maana yake komredi. Kusini likawa neno la hatari, ukilitamka polisi wanakuangalia vibaya, wazazi wakawakataza watoto, wakawa wanasema chingu. Kwahiyo kwenye hizo tamthilia zake zinazotoka Seoul, ukizisikiliza kwa sauti zake za Kikorea kabla hazijatiwa Kiswahili, mtoto akimwita mwenzie rafiki utasikia chingu, chingu, na dongmu utaisikia hasa pale mhusika akiwa ametoka kaskazini.